Gari Likimisi Arusha, Soma Mshale Kabla ya Kushusha Injini

Kama kuna mji Tanzania ambao Land Rover ya zamani haikosi fundi, ni Arusha. Lakini wingi wa mafundi haukuizuia Land Rover 109 yangu, Series III ya petroli yenye silinda nne na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kupewa hukumu ileile katika kila gereji niliyoipeleka: kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) imekwisha, tushushe injini.

Ushahidi wao ulikuwa mzuri ukiutazama juujuu. Gari lilikuwa linamisi, yaani kuna silinda inayoruka zamu yake ya kuchoma. Ukisimama kwenye foleni ya Kilombero, hapahapa Arusha, linatetemeka, ekzosti inakohoa, na usipolikanyagia mafuta linazima. Fundi mmoja, makini kuliko wengine, alifunga geji ya vakyumu, inayopima mfyonzo wa injini. Mshale ukasimama kwenye inchi 10 za zebaki, huku ukigutuka kidogo kila baada ya muda. Akanionyesha karatasi: injini nzima kwenye sailensi (ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta) isome 17 hadi 21. Akasema: kwa hiyo, mzee, injini hii imekufa.

Karatasi ile haina kosa, ila imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeko usawa wa bahari. Geji ya vakyumu inalinganisha hewa iliyomo ndani ya menifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua uzito kadiri unavyopanda. Hesabu ya gereji ni kupunguza inchi moja kwa kila mita 300 hivi. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400, kwa hiyo unakata inchi nne na nusu. Injini nzima inayosoma 17 hadi 21 ikiwa Dar es Salaam, hapa itasoma kama 13 hadi 17 na hakuna kilichoharibika. Moshi iko chini kuliko sisi, mita 800 na ushei, basi pale kata inchi tatu tu. Nashangaa jambo hili halijabandikwa ukutani katika kila gereji ya mtaa wetu wa Unga Limited.

Kwa kipimo hicho, 10 yangu ilikuwa pungufu, ndiyo, lakini si ya kuzikwa. Na hapo ndipo tabia ya mshale inapokuwa na maana kuliko namba.

Mshale uliotulia tuli ila uko chini kwa inchi mbili tatu mara nyingi unalalamikia taimingi, yaani wakati wa kupigwa moto na kufunguka valvu: moto unachelewa kupigwa, au mnyororo au mkanda wa taimingi umeruka jino. Ukiwa chini sana, kama 5, hewa inaingia mahali isipotakiwa, na kwa wingi. Ukidondoka kwa mpigo ule ule, kila mara kwa umbali ule ule, kuna silinda moja isiyofanya kazi yake. Huenda valvu imeungua, huenda plagi haichomi. Ukitetemeka haraka kwenye sailensi kisha ukatulia unapokanyaga mafuta, shuku vile vijibomba vinavyoongoza valvu (valve guides). Na ukishikilia mafuta katikati, mshale ukaanza vizuri halafu ukawa unashuka taratibu, angalia ekzosti: sailensa imeziba ndani. Hilo la mwisho naliona sana kwa magari ya kisasa kidogo ambayo kichujio cha moshi kimeyeyuka.

Tafsiri hizi si sheria. Mshale unakuambia uanzie wapi, haukuambii ununue nini.

Kitu kingine kilichonifanya niikatae ile hukumu ni jinsi gari lilivyokuwa barabarani. Kupanda kuelekea Ngaramtoni lilikuwa linapanda bila shida. Injini iliyoishiwa kompresheni hukuaibisha kwenye mlima kwanza. Tatizo linaloonekana kwenye sailensi na kujificha ukikanyaga mafuta lina harufu ya hewa inayovuja, kwa sababu kwenye sailensi menifoldi inafyonza kwa nguvu zaidi na hewa inayohitajika ni kidogo. Tundu dogo linatosha kuharibu mchanganyiko. Ukifungua mafuta, mfyonzo unapungua na tundu lile linamezwa.

Basi tukaanza na jambo la bure. Injini ikiwa inaunguruma, unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira mzuri, kisha unaurudisha. Silinda inayofanya kazi ukiichomoa injini inalegea. Iliyokufa haibadilishi chochote. Kwangu ilikuwa ya nne. (Kwa gari la EFI, linalopuliza mafuta kwa injekta badala ya kabureta, lenye koili juu ya kila plagi usicheze na moto hivyo, chomoa soketi ya injekta.) Kama ni silinda mbili zilizo jirani, wazia gasketi ya silinda hedi, au nyaya zilizopishana. Injini hii huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na nimeona gari lililotoka sevisi likiwa na nyaya mbili zimebadilishana viti.

Plagi ya nne ilikuwa kavu na nyeupe, wenzake wana rangi ya udongo. Nyeupe maana yake mchanganyiko una hewa nyingi, mafuta machache. Tuliihamishia silinda ya pili na misi haikuhama, kwa hiyo plagi haina kesi. Waya, kifuniko cha distributa (kigawa moto kwa plagi) na pointi zake za kukatia umeme navyo vilikaguliwa. Inua boneti gizani: kifuniko chenye ufa kitajionyesha chenyewe kwa cheche.

Ndipo ikaja kompresheni, na hapa nawaomba muwe wakali. Plagi zote zitoke, betri iwe na chaji, koili itenganishwe, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Bila kufungua koo la kabureta, kila silinda itasoma chini na utauziwa ringi usizozihitaji. Mwinuko unaingia tena: kitabu kikisema pauni 150 kwa inchi ya mraba, Arusha tarajia 125 au 130. Linganisha silinda kwa silinda. Iliyo chini kwa zaidi ya robo ya wenzake ndiyo yenye neno. Itie oili kijiko kimoja, upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Zangu zilikaribiana zote nne. Habari ya kushusha injini ikaishia hapo.

Ikabaki hewa. Bana mipira mmoja mmoja kwa koleo, ukianza na wa buster ya breki (kiongeza nguvu cha breki), ukitazama mshale. Ukiruka juu, umempata mwizi. Mipira ikiwa safi, nyunyiza maji yenye sabuni kwenye maungio ya menifoldi na kwenye kitako cha kabureta, mbali na nyaya za moto. Wengine wananyunyizia petroli. Naomba usifanye hivyo juu ya ekzosti ya moto, magari yanaungua. Nilipofika pembe ya nyuma, jirani na silinda ya nne, maji yalifyonzwa, mlio ukabadilika, na mshale ukapanda.

Gasketi ilikuwa mpya. Tatizo lilikuwa namna ilivyofungwa. Kwenye injini hii menifoldi ya hewa na ya ekzosti zimeungana kwa bolti katikati. Ukizikaza hizo bolti kwanza, chuma kimoja kinakaa upande na hakiwezi kulala sawasawa kwenye silinda hedi. Fungua bolti za kuunganisha zilegee, kaza menifoldi kwenye hedi kwanza, kisha ndipo uunganishe. Pitisha rula kwenye uso wa menifoldi kabla. Ukiona mwanga chini yake, peleka ikasagwe. Gasketi ya silikoni ya kupaka si dawa ya chuma kilichopinda.

Baada ya hapo mshale ulisimama kwenye 15. Valvu zilipowekwa nafasi ya milimita 0.25 na taimingi kurekebishwa, ulipanda kidogo na kutulia.

Ukiwa na gari la kabureta lililotyuniwa hapa na unashuka Tanga au Dar, weka alama kwenye skrubu ya sailensi kabla ya safari. Kule hewa ni nzito na mchanganyiko wa Arusha utakuwa mwembamba. Na kama fundi alikubadilishia jeti (vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta) ndogo kwa ajili ya mwinuko, zile za zamani zipande garini na wewe.