Kuifanya kazi ya kuieleza hisabati kwa umma: jibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kwamba yuko katika masomo ya uzamivu ya hisabati, kwamba anavutiwa na kuieleza hisabati kwa watu wasioisomea, na ameuliza mambo matatu: kama shughuli hiyo inaweza kuwa kazi ya maisha, kama wanahisabati wenzake watamwona ameshindwa utafiti, na aanzie wapi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi sambamba na kufundisha chuoni, kwa mihadhara ya jioni, safu ya gazetini na vipindi vya redio, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu. Nitaanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo linalowavunja moyo vijana wengi kabla hawajajaribu lolote.

Dharau ipo, na ina historia. Mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1940 kwamba kufafanua na kuhakiki kazi za wengine ni shughuli ya watu wenye akili za daraja la pili, na maneno hayo yamekuwa yakirudiwa katika idara za hisabati tangu wakati huo. Wanaoyarudia husahau kwamba Hardy aliyaandika akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, akihuzunika kwamba nguvu zake za ubunifu zimemwisha, na huzuni hiyo inaonekana katika kila ukurasa. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18 ambaye hakuna awezaye kumweka katika daraja hilo la pili, alitumia miaka ya 1760 hadi 1762 kumwandikia binti mmoja wa ukoo wa watawala wa Prussia barua zaidi ya 200 kuhusu mwanga, sauti, mvutano wa dunia na mantiki. Humo ndimo alimochora miduara inayoingiliana ili kuonyesha jinsi hitimisho linavyotokana na dhana zilizotangulia, na miduara ya aina hiyo bado inachorwa madarasani hadi leo. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasilisha makala zangu za magazetini kwa kamati ya kupandisha vyeo, nikarudishiwa orodha bila hata moja kuhesabiwa. Jambo hilo liliniuma, lakini halikunishawishi kwamba kamati ilikuwa na haki. Vyuo vingi sasa vinaipima kazi hii kwa uzito kuliko zamani, ingawa ni busara kuuliza mapema chuo chako kinaihesabu vipi.

Jambo ninalotaka hasa kulisema ni hili. Wengi hudhani kwamba kuipeleka hisabati kwa umma ni kuirahisisha, yaani kuondoa kila kilicho kigumu mpaka kibaki kitu ambacho hakimchoshi mtu. Naamini kinyume chake. Kazi yenyewe ni kutafuta swali ambalo uthibitisho wake mzima, bila kupunguzwa, unaweza kushikwa na mtu asiyekumbuka aljebra ya shuleni, kisha kumwachia mtu huyo nafasi ya kuufikia. Ukiuondoa uthibitisho, unachomgawia msikilizaji ni habari kuhusu hisabati: nani aligundua nini, alipata tuzo gani, aliishi maisha ya namna gani. Habari hizo zina raha yake, lakini msikilizaji anarudi nyumbani akiwa hajafanya hisabati hata kwa dakika moja, na anazidi kuamini kwamba ni mali ya watu wengine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa madaraja ya Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad, ambao Euler aliushughulikia katika miaka ya 1730. Mto uliugawa mji katika sehemu nne za nchi kavu, na sehemu hizo ziliunganishwa kwa madaraja saba. Swali lilikuwa kama mtu anaweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu, bila kuacha hata moja. Huwa nawagawia wasikilizaji karatasi yenye ramani na penseli, nawasomea swali, kisha nanyamaza. Hapa pana jambo linalohitaji ujasiri, kwa sababu ukimya wa dakika kumi mbele ya ukumbi uliojaa unatisha, na kishawishi cha kuanza kueleza ni kikubwa mno. Mwanzoni kila mtu huchora. Baada ya muda mtu hunyoosha mkono akisema ameiona njia, jirani yake huikagua na kukuta daraja moja limevukwa mara mbili au limesahauliwa, na ukumbi mzima hurudi kwenye karatasi. Hatimaye mmoja huuliza kama pengine haiwezekani. Nami humrudishia swali: umejaribu njia chache, na njia zilizopo ni nyingi sana, sasa utawezaje kuwa na hakika bila kuzijaribu zote?

Swali hilo ndilo hisabati yenyewe, na naliacha likae. Kisha nawaomba waache kuitazama njia nzima, watazame kisiwa kimoja tu chenye madaraja matano. Kila ukiingia kisiwani kwa daraja moja, huna budi kutoka kwa jingine, kwa hiyo madaraja yanatumika mawili mawili. Yakiwa matano, moja litabaki bila mwenzake, na hilo linawezekana tu ikiwa matembezi yalianzia kisiwani hapo au yaliishia hapo. Sehemu tatu zilizobaki zina madaraja matatu kila moja, nazo zina tatizo lilelile. Karibu kila mara kuna mtu katikati ya ukumbi anayelimalizia kabla yangu: matembezi yana mwanzo mmoja na mwisho mmoja, lakini hapa kuna sehemu nne, na kila moja inadai kuwa mwanzo au mwisho. Basi haiwezekani, na hakuna tena haja ya kujaribu. Nikiuliza itakuwaje daraja moja likibomolewa, sihitaji kuwasaidia. Wanahesabu upya, wanaona kwamba zimebaki sehemu mbili tu zenye idadi witiri, na wanagundua kwamba sasa safari inawezekana, hata ukilichagua daraja lolote kati ya yale saba la kubomoa. Nimeliona hili likitokea kwa watoto, kwa wastaafu na kwa watu waliokuja kwa sababu tu walimsindikiza mwenzao.

Kuna anayeweza kusema kwamba hayo ni mafumbo ya kupitisha jioni, na kwamba hisabati ya kweli iko mbali na umma. Namjibu kwa kisa cha Marjorie Rice. Martin Gardner, ambaye shahada yake ilikuwa ya falsafa, aliandika safu ya michezo ya hisabati katika jarida la Scientific American kwa takriban robo karne kuanzia 1957. Mwaka 1975 aliandika kuhusu aina za pembetano zinazoweza kufunika sakafu bila kuacha mwanya wala kupandana. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja alikuwa ametangaza kwamba orodha ya aina hizo imekamilika, lakini baada ya safu ile kutoka, msomaji mmoja alituma aina isiyokuwemo. Rice, mama wa nyumbani wa Marekani ambaye hakusoma hisabati zaidi ya shule ya sekondari, aliposoma kwamba orodha ile ilikuwa na pengo alianza kutafuta mwenyewe, akabuni alama zake za kuandikia kwa kuwa hakuzijua zile za wataalamu, na akagundua aina nne mpya. Mwanahisabati Doris Schattschneider alizichunguza, akathibitisha kwamba ni sahihi, na akazitangaza. Naomba mleta mada atazame nini kiliwezesha jambo hilo: Gardner hakuwaambia wasomaji wake kwamba pembetano ni maajabu. Aliwapa swali lenyewe, pamoja na yale yaliyokwisha kujulikana, kwa ukamilifu wa kumwezesha mtu kuendelea nalo.

Redioni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna ubao wala karatasi, na msikilizaji anafanya kazi nyingine huku anakusikiliza. Nilichojifunza ni kuacha asilimia na kuhesabu watu. Chukua ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo kinachomtambua kila mgonjwa, lakini kinachowataja kimakosa watu 5 kati ya kila 100 ambao hawana ugonjwa. Mtu asiye na dalili yoyote amepimwa na kuambiwa anao. Je, uwezekano kwamba kweli ni mgonjwa ni wa kiasi gani? Wengi hujibu kwamba ni 95 kwa 100. Sasa waite watu 1,000 wasimame uwanjani. Mmoja ni mgonjwa, na kipimo kitamtaja. Kati ya 999 waliobaki, takriban 50 watatajwa kimakosa. Waliotajwa ni kama 51, na mgonjwa kati yao ni mmoja tu, yaani chini ya 2 kwa 100. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer ameonyesha kwamba hata madaktari hulielewa jambo hili vizuri zaidi linapoelezwa kwa idadi ya watu kuliko kwa asilimia. Nalazimika kila mara kuongeza kwamba hesabu hii ni ya mtu aliyepimwa bila dalili, na kwamba mwenye dalili yuko katika kundi jingine lenye hesabu nyingine, kwa sababu maelezo yanayomfanya mtu apuuze majibu ya kipimo chake ni hatari kuliko kutoeleza kabisa.

Gazetini shida ni nafasi. Wahariri niliofanya nao kazi walikuwa watu wema, lakini makala ikizidi urefu, aya wanayoikata kwanza ni ile yenye hoja, kwa kuwa ndiyo inayoonekana nzito. Nilizoea kuwaomba wakate utangulizi, wakate historia, wakate hata jina la mwanahisabati, mradi waiache hoja.

Kuhusu riziki, ukweli ni kwamba nafasi zilizoanzishwa mahsusi kwa kazi hii ni chache mno. Chuo cha Gresham cha London kimekuwa na profesa wa jiometri anayetoa mihadhara kwa umma tangu 1597. Oxford ina kiti cha uprofesa cha kuieleza sayansi kwa umma kilichoanzishwa 1995, ambacho mwanahisabati Marcus du Sautoy alikikalia kuanzia 2008, na Cambridge ilimpa Hannah Fry kiti kama hicho cha hisabati mwaka 2025. Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, ilianza 1825, lakini ya kwanza ya hisabati ilitolewa na Christopher Zeeman mwaka 1978. Wengi wetu tunaishi kwa mshahara wa kufundisha, na mihadhara, makala na vitabu huongezea kidogo. Sishauri kuacha kufundisha, na si kwa sababu ya fedha peke yake: darasani ndiko unakoona kila siku mahali hasa ambapo mtu anapotea, na maarifa hayo hayapatikani kwingineko.

Kwa hiyo maliza uzamivu wako. Utakapokuwa unausimulia umma jinsi mtu anavyokaa na swali miezi kadhaa bila kupata njia, ni vizuri uwe umeyaishi hayo. Lakini usingoje kuumaliza ndipo uanze. Chagua tokeo moja dogo la hisabati ambalo uthibitisho wake unaupenda, uandike kwa kurasa mbili bila alama yoyote isiyo ya lazima, umpe mtu mwenye akili timamu ambaye hakusoma hisabati, na baada ya siku mbili umwombe akusimulie yeye, bila karatasi, kwa nini jambo lile ni kweli. Usimuulize kama ameipenda, kwa sababu atasema ndiyo. Pale anapokwama katika kusimulia, weka alama kwenye nakala yako, kisha uandike upya aya hiyo na kumpa mtu mwingine.