Sanduku la bati lenye majina mawili

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama Serikali ilikosea kuzitwaa shule za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Nitajibu kwa shule moja tu ya wasichana, iliyoko Morogoro chini ya milima ya Uluguru: masista wa Maryknoll kutoka Marekani waliiendesha kwa jina la Marian College, na leo ni Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala.

Hapa nyumbani Isevya, Tabora, tunalo sanduku la bati ambalo mama alisafiri nalo kwa treni ya Reli ya Kati mwaka 1966. Kwenye kifuniko aliandika Marian College kwa rangi nyeupe. Mwaka 1973 alimpa binti wa jirani yetu, Mwislamu, ambaye mimi namwita mama mdogo, naye akaandika Kilakala kwa rangi ya buluu juu ya jina la kwanza. Hata hivyo ile M kubwa bado inachungulia pembeni, na mkia wa g haukufunikwa.

Ninapolitazama sanduku hilo, siwezi kusema kwamba Serikali ilikosea. Babu, yaani baba yake mama mdogo, asingekubali kamwe binti yake alelewe na masista, lakini barua ya Wizara ilipofika alimsindikiza mwenyewe hadi stesheni, akamfunga kitenge begani na kumwambia asome. Mama, kwa upande wake, hajaacha kuwashukuru masista waliomfundisha kusimama mbele ya watu na kutetea hoja yake bila kuinamisha kichwa, na nakiri kwamba malezi ya namna hiyo hayaji kwa waraka.

Kinachoniuma ni cha leo. Shule za Kanisa zimerudi kwa nguvu, na St. Francis ya Mbeya na Marian ya Bagamoyo zimeongoza mara nyingi katika mitihani ya taifa, jambo ambalo mimi kama Mkatoliki linanifurahisha. Lakini binti yangu alipofaulu usaili wa shule moja ya masista, ambayo sitaitaja, ada ilitushinda, na hapakuwa na nafasi hata moja ya mtoto wa mkulima wa tumbaku. Naliomba Kanisa litenge nafasi hizo, kwa sababu mama naye alikuwa mtoto wa mkulima.

Binti yangu alikwenda shule ya kata, ambako ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016. Sasa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na Kilakala, ambayo ni ya vipaji maalumu, ndiyo chaguo lake la kwanza kwa kidato cha tano, ambacho nacho hakina ada tangu 2022. Juzi alilitoa sanduku uvunguni, akalipangusa vumbi na kutia mafuta bawaba zake. Akichaguliwa, yale maandishi ya buluu hatayagusa.

Msomaji, Isevya, Tabora