Chora kani kabla ya kushika kanuni

Wadogo zangu mnaoanza uhandisi ujenzi, statiki, yaani elimu ya kani kwenye vitu vilivyotulia, haina mambo mengi ya kukariri. Kwenye mchoro wa bapa mna milinganyo mitatu tu: jumla ya kani za mlalo ni sifuri, za wima ni sifuri, na jumla ya momenti (athari ya kani ya kuzungusha kitu) kuzunguka nukta yoyote ni sifuri. Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza kukokotoa kabla ya kuchora. Tenganisha kipande kimoja na kila kinachokigusa, kisha weka mshale wa kani kila mahali ulipokikata. Egemeo la rola (linaloruhusu kuteleza) lina mshale mmoja, la pini (linaloruhusu kuzunguka tu) miwili, na lililokazwa (lisiloruhusu lolote) huongeza momenti.

Halafu fuata mzigo unakoelekea: slabu, boriti, nguzo, msingi, udongo. Chukua slabu ya mita 4 kwa 5, unene milimita 150, iliyolala juu ya boriti mbili za mita 5. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilonyutoni 25 kwa mita ya ujazo, hivyo kila mita ya mraba ya slabu ni kilonyutoni 3.75. Kila boriti inabeba upana wa mita 2, yaani kilonyutoni 7.5 kwa kila mita ya urefu wake, na kila ncha inapokea kilonyutoni 18.75. Momenti ya katikati ni 7.5 × 5² ÷ 8, karibu kilonyutoni-mita 23.4. Hapo bado uzito wa boriti yenyewe, kuta, watu na samani. Angalieni pia huo mraba wa urefu (5²): urefu ukizidi mara mbili, momenti inazidi mara nne.

Someni kisa cha hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, mwaka 1981. Vivuko viwili vya ndani, vilivyoning'inia juu ya ukumbi, vilianguka, watu 114 wakafa. Kwenye usanifu wa awali, fito zilezile za chuma zilitoka darini, zikapita kivuko cha juu hadi cha chini. Wakati wa ujenzi zikagawanywa, kivuko cha chini kikaning'inizwa kwenye boriti za kile cha juu. Nati za juu, zilizotakiwa kushika kivuko kimoja, zikabebeshwa viwili. Inauma, kwa sababu mishale michache kwenye muungo ule mmoja ingelionyesha hilo. Fundi akiomba kubadili muungo, hata kwa sababu nzuri, uchore upya kani zake kabla ya kumkubalia.