Ukisikia "imepita Augusta", uliza kwanza: imepita wapi?

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya kufungasha. Kwa ambao hawakuona swali: dada yetu yuko Lewiston, hapa Maine, amepokea sauti ya WhatsApp inayosema Bunge la jimbo la Maine, lililoko Augusta, limeshapitisha sheria mpya ya GA, ule msaada wa manispaa wa kodi ya nyumba na chakula, na majirani zake wawili tayari wanazungumzia kuhamia jimbo lingine. Anauliza mtu asiye mwanasheria, na Kiingereza chake ni cha kazini tu, atajuaje kilichopita kweli.

Nafuatilia miswada ya Augusta tangu 2019 na kuieleza kwa Kiswahili kwa watu wa kanisani kwetu Portland. Sikusomea sheria. Nimezaliwa Uvira, nikakulia kambini Nyarugusu, na hapa kazi yangu ni kufua mashuka ya hoteli.

Sauti uliyopokea haina namba. Hiyo peke yake inatosha kuiweka kando mpaka aliyeituma ailete. Kila muswada hapa Maine una herufi LD na namba yake, na namba ndiyo jina lake la kweli. Lakini hata namba haitoshi bila mwaka, kwa sababu kila baada ya miaka 2, Bunge jipya likiingia, wanaanza kuhesabu upya. Nina mfano ambao unatuhusu sisi moja kwa moja. LD 369 ya Bunge la 127, mwaka 2015, ndiyo iliyowafungulia waombaji hifadhi mlango wa GA kwa muda usiozidi miezi 24. LD 369 ya Bunge la 129, mwaka 2019, ni ya likizo ya malipo kazini. Namba ileile, na zote mbili zimegusa nyumba zetu. Mtu akikutumia "369 imepita" bila mwaka, hujui kama anakuambia habari ya kodi ya nyumba au ya mshahara.

Hiyo ya 2019 ndiyo iliyonifundisha kazi hii, na ilinifundisha kwa uchungu. Mwezi Mei gavana Janet Mills aliisaini. Jumapili iliyofuata nikasimama baada ya matangazo, nikasema: jamani, sheria imepita, sasa ukikaa nyumbani na mgonjwa unalipwa. Watu wakapiga makofi. Wiki chache baadaye mama mmoja anayefunga samaki kiwandani akabaki nyumbani siku 2, mtoto ana homa. Ijumaa alikuja kwangu na karatasi yake ya mshahara, imekunjwa mara nne. Akaifungua juu ya meza, akaweka kidole pale penye saa za kazi: 24. "Ndugu yangu, nionyeshe sheria yako iko wapi hapa." Sikuwa na cha kumwonyesha. Sheria ilikuwa imepita kweli, na imesainiwa kweli, ila ndani yake imeandikwa kwamba inaanza kazi tarehe 1 Januari 2021. Mwaka mmoja na nusu baadaye. Tena si kwa kila mwajiri: ni kwa mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 kwa zaidi ya siku 120 za mwaka. Unajipatia saa 1 ya likizo ya malipo kwa kila saa 40 ulizofanya, mpaka saa 40 kwa mwaka, na mwajiri anaweza kukuzuia kuzitumia mpaka utimize siku 120 kazini.

Haya yote yalikuwa kwenye kurasa chache ambazo ningeweza kuzisoma Jumamosi ile kabla ya kusimama. Tangu siku hiyo nataja tarehe ya kuanza kabla ya kutaja neema yenyewe.

Kwa kawaida sheria ya Maine huanza siku 90 baada ya kikao cha Bunge kufungwa rasmi, si siku 90 baada ya gavana kusaini. Ikiwa ni ya dharura inaanza mara moja ikisainiwa, lakini hapo lazima ipate theluthi mbili ya wajumbe wote: 101 kati ya Wawakilishi 151, na 24 kati ya Maseneta 35. Waliozoea kusikia hati ya dharura ya Bunge la Dodoma wasichanganye. Kule ni ya kuharakisha mjadala. Hapa dharura inahusu siku ambayo sheria inaanza kukushika.

Sasa neno lenyewe, "imepita". Nimelisikia likitumika kwa mambo yasiyopungua matano. Kamati ikipiga kura ya kuunga mkono muswada, mtu anatuma sauti: imepita. Hapana, hayo ni mapendekezo tu. Kwenye ukurasa wa muswada utaona "Ought to Pass", maana yake kamati inaona unafaa kupita, na mara nyingi utaona ripoti mbili, ya wengi na ya wachache, kwa sababu wamegawanyika. Kisha Wawakilishi wanapiga kura, Seneti wanapiga kura, na hapo kuna maneno mawili yanayofanana kwa macho na yamewapoteza wengi: "engrossed" na "enacted". La kwanza maana yake wamekubaliana maandishi yaweje, na muswada uandikwe sasa kwa sura yake kamili. La pili ndiyo kura ya mwisho. Ukiona la kwanza, muswada bado uko njiani. Nimewafundisha watoto wa kanisani waliokwisha kumaliza darasa la tisa watafute hilo la pili, na wanafanya kazi nzuri kuliko wazazi wao.

Hata hilo la pili, angalia ni la nyumba gani, kwa sababu kati ya Wawakilishi na Seneti kuna mahali ambapo miswada yetu mingi hufia. Muswada wowote unaokula fedha za mfuko mkuu wa jimbo, ukishapigiwa kura ya mwisho na Wawakilishi, ukifika Seneti huwekwa kwanza mezani. Ni meza kwa jina tu, "Special Appropriations Table", lakini unaona imeandikwa hivyo kwenye ukurasa. Muswada unalala pale mpaka kikao kinapokaribia kwisha, ndipo kamati ya bajeti inaangalia fedha zilizobaki na kuchagua upi upewe, upi upunguziwe, upi uachwe. Unaoachwa unakufa bila mtu yeyote kusimama na kusema anaupinga. Ukimtafuta aliyeuua, humpati.

Hili linaniuma kuliko yote. Mwaka mmoja tulifuatilia muswada wa kuongeza masomo ya Kiingereza kwa watu wazima. Tulikwenda Augusta, watu 6 kwenye gari la mchungaji. Kamati ikaupenda, nyumba zote mbili zikauunga mkono, na mimi nikawaambia akina mama wa darasa la jioni wangojee nafasi mpya. Ulilala mezani, kikao kikafungwa. Kwa hiyo dada, kabla ya kufurahi au kuogopa, tafuta hati ya gharama, "fiscal note", ile karatasi inayosema muswada utaligharimu jimbo fedha kiasi gani. Kama ina tarakimu kubwa, "imepita" ya mwezi Mei haina uzito wowote mpaka uone muswada umetoka mezani.

Kutoka hapo unakwenda kwa gavana, ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Anaweza kusaini, anaweza kuurudisha kwa kura ya turufu, na anaweza kukaa kimya. Akikaa kimya siku zikaisha na Bunge halijafunga kikao, muswada unakuwa sheria bila saini yake. Wengi wanadhani bila saini hakuna sheria. Hapa ndipo narudi kwa ile 369 ya 2015. Gavana wakati huo alikuwa Paul LePage, ambaye alipinga kabisa waombaji hifadhi kupewa GA. Yeye na watu wake walihesabu kwamba Bunge limekwisha kufunga kikao, kwa hiyo ana haki ya kuishikilia miswada mpaka wajumbe warudi. Bunge likasema hatujafunga, tumepumzika tu. Siku 10 zikapita. Alipotuma kura zake za turufu kwa miswada 65, Bunge likakataa kuzipokea, na tarehe 6 Agosti 2015 majaji wa mahakama kuu ya juu ya Maine wakasema alichelewa: yote ni sheria. Familia ambazo zimelipiwa chumba kwa GA wakati zikingoja vibali vya kazi zimelipiwa kupitia mlango huo, na mlango huo hauna saini ya gavana.

Tena muswada huo una funzo la pili. Jina lake rasmi linazungumzia kuoanisha msaada wa manispaa na sera za idara ya afya ya jimbo kuhusu hadhi ya uhamiaji. Ukisoma jina tu unadhani ni wa kufukuza watu, na ulianza hivyo. Marekebisho ndiyo yaliyougeuza ukawa wa kupokea, jina likabaki lilelile. Ndiyo maana nasema usitafsiri jina ukadhani umetafsiri sheria.

Usomeje basi? Usianze juu. Shuka mpaka mwisho wa hati, kuna sehemu imeandikwa "Summary". Huo ni muhtasari kwa Kiingereza cha kawaida, na waliouandika ni watu wa ofisi ya Bunge wenyewe, si magazeti wala vyama. Kiingereza cha kazini kinatosha kuuelewa. Lakini muhtasari wa muswada wa mwanzo unaeleza muswada wa mwanzo. Kila rekebisho lina muhtasari wake, kwa hiyo fungua rekebisho la mwisho lililokubaliwa, usome huo. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya kifungu kilichofutwa miezi 2 nyuma. Ukitaka kwenda ndani zaidi, maneno yaliyopigiwa mstari chini ndiyo yanayoongezwa kwenye sheria, na yaliyokatwa kwa mstari katikati ndiyo yanayoondolewa. Yasiyo na mstari ni sheria ya zamani inayobaki kama ilivyo.

Na ukifika kutafsiri, chunga neno dogo "may". Nilikuwa naliandika "itatoa". Manispaa itatoa hiki, idara itatoa kile. Si hivyo. Neno hilo ni ruhusa: manispaa inaweza kutoa, na inaweza kuacha. Penye lazima wanatumia "shall" au "must", na hapo ndipo unapoweza kusema "itatoa" bila kumdanganya mtu. Mama anayekwenda dirisha la manispaa akidai kitu ambacho ni ruhusa tu atarudi amevunjika moyo, naye aliyetafsiri yuko nyumbani anakunywa chai.

Jambo la kibali cha kazi, kwamba mwombaji hifadhi angoje siku ngapi, hilo ni la serikali kuu ya Marekani, Washington. Sauti ikisema Augusta imekufupishia hizo siku, ifute.

Umeuliza pia kama mtu kama wewe anaweza kwenda kusema. Ndiyo. Maine ina utaratibu mzuri ambao si kila jimbo linao: karibu kila muswada unapewa siku ya kusikilizwa na wananchi mbele ya kamati, na hawakuulizi uraia. Unaweza kwenda mwenyewe, unaweza kusema kwa mtandao, unaweza kutuma maandishi. Vyumba vingine viko jengo la Cross, unapita njia ya chini ya ardhi kutoka jengo kuu la Bunge. Mara ya kwanza nilipokwenda nilipewa dakika 3. Unaanza kwa kuwasalimu wenyeviti wa kamati kwa majina, unasema unaitwa nani na unaishi mji gani, kisha unaeleza. Nilikuwa na karatasi mbili, dakika zikaisha katikati ya ya kwanza. Baba mmoja kutoka Burundi aliyenifuata hakuwa na karatasi. Aliinua simu yake, akasema ujumbe wa mwenye nyumba umefika asubuhi hii, akausoma, akashukuru, akakaa. Maswali yote ya wajumbe yalikwenda kwake.

Ila ujue kabla: ushuhuda wako unawekwa kwenye tovuti ya Bunge pamoja na jina lako, na unabaki pale kwa mtu yeyote kuusoma. Kama kesi yako ya hifadhi iko wazi, au una ndugu nyumbani ambao wanaweza kudhurika, ongea kwanza na wakili wako. Hakuna aibu kumpa mwingine aseme.

Na ukikwama kwenye ukurasa wa muswada, piga simu ofisi ya habari ya Bunge, uwape namba na mwaka, uwaulize umefika wapi. Wanajibu kwa upole. Mwakilishi wa mtaa wako pia hujibu barua pepe, na wengi wao huandika wenyewe.

Siku hizi sauti zangu za kanisani ninazirekodi hivi: "LD fulani, Bunge la ngapi. Leo uko kwa kamati, au Wawakilishi, au mezani, au kwa gavana. Ukiwa sheria utabadilisha hiki kwa watu hawa. Utaanza tarehe fulani. Kwa sasa usifanye kitu, au fanya hiki." Hazizidi dakika 1, na ile ya "kwa sasa usifanye kitu" ndiyo ninayoirudia mara mbili, kwa sababu watu wameacha nyumba na shule za watoto kwa ajili ya miswada iliyokufa kwenye kamati.

Mwombe aliyekutumia sauti akupe namba na mwaka. Akikupa, iweke hapa chini, nitaufungua ukurasa leo usiku nikitoka zamu na kukuandikia ulipofika. Waambie majirani wangoje mpaka hapo.