Jibu: Kwa nini Wamatengo hulima ngoro?

Ndugu, umeuliza kwa nini Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, hulima ngoro, yaani mashimo kwenye miteremko mikali, badala ya kushuka mabondeni. Hawakufanya hivyo kwa kupenda. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, yaliwalazimisha kujibana milimani, na kwa kuwa ardhi ilikuwa haba, haikuwezekana tena kuhama shamba kila udongo ulipochoka.

Kuelekea mwisho wa mvua, wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzipanga kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima ukawa miraba mitupu; wanawake nao huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, na maharage hupandwa juu ya kingo zinazotokea. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, huku nyasi zikioza na kuwa mbolea. Mahindi hufuata msimu unaofuata.

Kwangu mimi huo ni uhandisi kamili, na inaniuma kusikia ukiitwa kilimo cha kizamani.