Kile kichuma cha kutikisa na nyama za mkono

Shoga, umeuliza kama Shake Weight, kile kichuma cha mazoezi cha kushika mkononi na kutikisatikisa, kitakuondolea nyama zinazoning'inia nyuma ya mkono. Mimi nilikinunua, kikaja na basi kutoka Dar mpaka hapa Mikindani. Sasa kinazuia mlango wa jikoni usijibamize upepo wa bahari ukivuma.

Kilianza kutamba Marekani mwaka 2009, na cha wanawake kina uzito wa kilo moja na kidogo tu. Ndoo yako ya maji ya lita 20 ni kilo 20! Mkono utachoka, ndiyo, ila mafuta hayayeyuki pale unapotikisa. Mwili huyachota unakotaka wenyewe, na sahani yako ina usemi mkubwa hapo. Msuli nao haukui usipouongezea mzigo kidogo kidogo.

Mimi natumia baraza. Kaa ukingoni, viganja kando ya mapaja, sogeza makalio mbele, yashushe taratibu viwiko vikijikunja kwa nyuma, kisha jisukume juu. Mara nane, pumzika, rudia. Bega likiuma acha, piga pushapu za ukutani. Siku tatu kwa wiki. Hela ya kichuma nunulia samaki.