Nyakati zile, si nyakati hizi

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Nasomesha fasihi skuli moja huku Wete. Wanafunzi wangu wametengeneza gazeti la ukutani kuhusu Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza aliyejiua mwaka 1941. Nusu nzima ya karatasi ni siku yake ya mwisho. Barua aliyomwachia mumewe wameinakili kwa wino mwekundu na kuichorea maua pembeni, na msichana mmoja ameongeza shairi kwamba aliondoka kwa kuwa dunia haikumstahiki. Nilibandue?

JIBU: Waaleikumu salaam, Mwalimu. Gazeti libaki. Barua na maua ndivyo vya kuondoa, na shairi mrejeshee mwenyewe mkononi, kwa upole.

Barua hiyo ina kisa chake. Woolf alimwambia mumewe, Leonard, kwamba anahisi wazimu unamrudia, na kwamba hawataweza kuzipitia tena “nyakati zile” za kutisha. Zile, yaani vipindi vya maradhi yaliyoanza kumshika alipofiwa na mama yake mwaka 1895, akiwa na miaka 13. Magazeti yakaandika “nyakati hizi”, na wasomaji wakaelewa Vita vya Pili vya Dunia, vilivyokuwa vikiendelea. Wengine wakamlaumu kwamba amekosa moyo wakati wenzake wanavumilia mabomu. Ilimbidi Leonard, naye yumo msibani, aandike gazetini kusahihisha. Zile ikawa hizi, na mgonjwa akageuzwa mtu aliyeikataa dunia. Shairi la mwanafunzi wako, kwa mapenzi matupu, linafanya hayohayo.

Sisi tunaotibu maradhi haya inatuuma. Maradhi hayakumwandikia vitabu. Riwaya yake ya kwanza ilikubaliwa na mchapishaji mwaka 1913, akaugua, ikatoka 1915. Wengi waliochunguza maisha yake wanaona dalili za maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Lithiamu, dawa ambayo mpaka leo tunaitumia kwa maradhi hayo, daktari John Cade wa Australia alitangaza matokeo yake mwaka 1949. Woolf alikuwa ameshafariki miaka 8.

Kwenye gazeti, sentensi moja inatosha: aliugua kwa miaka mingi na alijiua mwaka 1941. Isiwe kichwa cha habari, na namna alivyokufa isielezwe. Shirika la Afya Duniani linawaambia waandishi wa habari vivyo hivyo, kwa sababu kijana aliyekwishaelemewa hujiona ndani ya kisa kilichopambwa. Nafasi iliyobaki wajaze kazi: alivyoandika na kufuta, mtambo wa kuchapia vitabu aliouweka nyumbani na mumewe mwaka 1917. Chini waandike jina la mwalimu wa kumwendea mwanafunzi aliyezidiwa.

Na yule msichana, Mwalimu, usingoje wiki ijayo. Mwite faragha, umuulize waziwazi kama naye anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake; waite wazazi na mwende naye kituo cha afya siku hiyohiyo. Akikwambia alipenda maneno tu, mkae msome shairi lake pamoja.